Kaole kwanza, Mji Mkongwe mwisho: Bagamoyo kwa saa nne na mwongozaji wako binafsi

Wageni wengi wa siku moja huanzia Mji Mkongwe kwa sababu ndiko wanakofikia. Wanazunguka Mtaa wa India, wanapiga picha milango, wanakaa kunywa soda, na wakija kukumbuka magofu ya Kaole jua limeshakuwa la utosi na mwongozaji ana wageni wengine wanaomsubiri. Saa nne zinatosha kuona mambo makuu ya Bagamoyo bila kukimbizana, ila zipangwe vizuri.

Vivutio vyenyewe vimepangana kufuata pwani. Magofu ya Kaole yako kusini, kama kilomita tano kutoka mjini. Misheni ya Wakatoliki iko kaskazini, mwendo mfupi wa bajaji. Mji Mkongwe uko katikati. Anza kusini, pita mji bila kusimama hadi Misheni, kisha rudi katikati umalizie kwa miguu. Sababu ni jua. Kaole ni uwanda wenye kivuli kidogo, kwa hiyo unaumaliza asubuhi. Misheni ina miembe mikubwa na makumbusho yenye paa, inakufaa joto linapopanda. Mji Mkongwe una vibaraza vya kupumzikia, chakula na usafiri wa kurudi.

Kwa saa: saa mbili kamili asubuhi uwe mlangoni Kaole, saa tatu na robo uondoke. Saa tatu na dakika arobaini uwe Misheni, saa tano kasorobo uondoke. Saa tano hadi saa sita ni ya Mji Mkongwe. Anayetoka Dar es Salaam ana kilomita kama 70 za kupita Tegeta, Bunju na Mapinga. Daladala husimama sana njiani, kwa hiyo uwe barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenye gari lake anaweza kuchelewa nusu saa zaidi.

Kumpata mwongozaji na kukubaliana

Mpigie simu au mwandikie siku moja au mbili kabla. Ukimwokota mtu stendi asubuhi unaweza kubahatika, ila unaweza pia kupata kijana anayejua njia na asijue historia. Omba kuona kitambulisho chake cha kazi. Aliyesajiliwa huwa nacho na haoni vibaya kuulizwa. Mkubaliane bei ya kundi zima badala ya bei ya kichwa kimoja kimoja, na mtenganishe mambo matatu yanayozaa ugomvi yakichanganywa: ujira wake, viingilio na usafiri. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za leo, kaka. Tuko watu wanne, wote raia, mmoja ni mama mtu mzima, hatembei sana. Jumamosi saa mbili kamili tuanzie Kaole, twende Misheni, tumalizie Mji Mkongwe saa sita. Kazi yako kwa kundi ni shilingi ngapi, bila viingilio na bila bajaji?"

Akijibu kwa jumla moja tu, mwombe aichanganue. Hiyo si kumdharau. Viingilio unatakiwa kulipia mwenyewe na upewe risiti, na maeneo ya serikali hulipiwa kwa namba ya malipo kupitia simu, kwa hiyo weka salio la kutosha na chaji. Misheni ina kiingilio chake pembeni. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na uraia huthibitishwa kwa kitambulisho, siyo kwa Kiswahili chako kizuri. Beba kadi ya NIDA au ya kupigia kura.

Bajaji nayo ikodiwe kwa saa zote nne, au angalau kwa Kaole kwenda na kurudi pamoja na kusubiri. Hapa ndipo wengi hukwama: kwenda Kaole chombo kipo, kurudi hakuna, na nusu saa inaishia kandokando ya barabara. Wazo la kutembea ufukweni kati ya Kaole na mjini ni zuri kwenye picha tu. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina watu, na mwenye simu na kamera hashauriwi kuipita bila mwenyeji.

Kundi la watu wanne hadi sita ndilo zuri kwa mwongozaji mmoja. Zaidi ya hapo, walio nyuma hawasikii na kila swali linarudiwa mara mbili.

Vaa viatu vinavyoshika mguu. Ardhi ya Kaole ina mawe ya matumbawe yaliyochongoka chini ya nyasi, na ndala hukatika. Maji lita moja kwa kila mtu, kofia, na dawa ya mbu hasa wakati wa masika. Mabega na magoti yafunikwe tangu asubuhi, maana siku hiyo utaingia kwenye eneo la msikiti, kanisani na makaburini.

Kaole: dakika 75

Hapa ndipo mwongozaji anapostahili bei yake, kwa sababu bila maelezo utaona kuta fupi na mawe. Kuna mabaki ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukihesabiwa wa karne ya 13, na makaburi ambayo baadhi yana nguzo ndefu za mawe. Mwombe aanze na kibla. Kutoka pwani hii Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo ukuta wenye mihirabu, yaani kibweta anaposimama imamu, ndio wa kaskazini, na makaburi yamelazwa mashariki kwa magharibi ili aliyezikwa aelekee huko. Ukishalijua hilo, eneo zima linasomeka: unajua watu waliingilia wapi, walitawadhia wapi, na kisima kiko pale kwa nini.

Kibla hicho kinasaidia na kwenye picha. Uso wa mihirabu unatazama kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua hupita upande wa kusini na kuumulika. Juni na Julai jua liko kaskazini, mihirabu inabaki kivulini mchana kutwa, na picha hutoka nyeusi usipoipima mwanga vizuri. Nguzo za makaburi hupendeza kabla ya saa tatu, mwanga wa mashariki ukizipiga ubavuni na kuonyesha michirizi ya chokaa.

Zitazame kwa karibu: kwenye baadhi ya nguzo utaona vishimo vya mviringo. Humo mlipachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina, mapambo na pia alama ya uwezo wa marehemu. Mabakuli ya namna hiyo na vigae vyake utavikuta kwenye makumbusho ndogo ya hapo hapo, kwa hiyo zunguka makaburi kwanza ndipo uingie ndani. Ukianza na makumbusho, vigae vitakupita tu machoni. Nguzo usiiegemee wala usipandishe mtoto juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Jengo lote ni matumbawe na chokaa, na chokaa ya miaka mia kadhaa huachia jiwe kwa mguso mdogo.

Kaburi la Sharifa bado linatembelewa na watu wanaokuja kuomba dua. Ukimkuta mtu, simama mbali na simu ikae mfukoni. Mbuyu mkongwe wa hapo una hadithi yake kwamba ukiuzunguka unaongezewa umri. Zunguka tu, ni dakika moja.

Kabla ya kuondoka, mwombe akuonyeshe upande wa mikoko. Huko ndiko ilikokuwa bandari. Tope lilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikakosa pa kutia nanga na biashara ikahamia Bagamoyo. Wakati wa masika itazame kwa mbali, maana tope lake hushika mpaka kifundoni.

Mwenye mzazi asiyeweza ardhi ya mawe, Kaole iwe dakika 40: makumbusho, msikiti wa karibu, basi.

Misheni: saa moja na dakika tano

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakajenga misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Anza na makumbusho, nusu saa. Picha za zamani ndizo za kukaa nazo, kwa sababu zinaonyesha majengo ya Mji Mkongwe yakiwa mazima, na ukiyafikia baadaye utayatambua hata yakiwa hayana paa.

Kisha nenda kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Mwili wa David Livingstone uliletwa hapa Februari 1874. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na wenzake wa safari, wakiwamo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Mwongozaji akisimulia habari za Livingstone tu, mrudishe kwa wabebaji. Wao ndio walioamua kuuzika moyo wake kule kule chini ya mti, kuukausha mwili na kuufunga uonekane mzigo wa kawaida ili wapite salama katika nchi za watu.

Mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina ni wa dakika tano. Makaburi ya wamisionari ni dakika kumi: soma umri wao kwenye mawe, wengi walikufa vijana, malaria ikiwa mojawapo ya sababu kubwa. Njia ya kuelekea msalaba wa ufukweni ni nzuri, ila kama umechelewa ikate hii, siyo makumbusho. Jumapili asubuhi kuna ibada, kwa hiyo kanisa jipya, lililokamilika mwaka 1914, liache kwanza hadi watu watoke.

Mji Mkongwe: saa moja kwa miguu

Bajaji ikushushe Caravanserai, ulipokuwa mwisho wa safari ya misafara ya bara. Hapa muulize mwongozaji habari za wapagazi. Simulizi nyingi za Bagamoyo huwekwa chini ya utumwa pekee, na utumwa ulikuwepo kweli. Lakini Bagamoyo ilisimama hasa kwa pembe za ndovu na kwa wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa majuma mengi. Kwenye kusafirisha watumwa kwa bahari, Kilwa iliizidi mbali. Ukiambiwa habari za handaki au chumba cha siri, uliza kwa adabu: "Mwalimu, hili limejulikanaje?" Mwongozaji mzuri atakutenganishia kilichoandikwa na kinachosimuliwa. Asiye mzuri atapandisha sauti.

Mtaa wa India upite polepole, ukiwasalimia wazee wa barazani. Shikamoo moja hufungua milango mingi kuliko pesa ya soda. Kwenye mlango wa kuchonga tazama kizingiti cha juu, mfaa, yaani mti wa wima wa katikati, na njumu za shaba. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye nyumba ya zamani, inua macho uone boriti. Ni za mikoko, na mti huo hautoi boriti ndefu, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Nyumba isiyo na paa usipande ngazi zake, hata mwenyeji akikwambia hakuna shida.

Shule iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji mwaka 1896 na Boma ya Wajerumani ya 1897 zinatosha kutazamwa kwa nje. Usipoteze robo saa kutafuta ufunguo. Malizia Forodhani, na hapo bahari yenyewe itakueleza kwa nini mji huu ulipoteza ukuu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kwa zaidi ya mita tatu, na kupwa kwa mchana huangukia karibu saa nne na tano asubuhi. Utaona majahazi yamelala kwenye mchanga na maji yako mbali. Meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikavushwa kwa vyombo vidogo. Dar es Salaam ilikuwa na kina, Wajerumani wakahamishia makao yao huko mwaka 1891. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo haionekani sana, kwa hiyo anayeweza kuchagua tarehe aanze na kalenda ya mwezi.

Wavuvi na wachuuzi wa samaki waombwe ruhusa kabla ya picha. Ijumaa hakikisha umemaliza kabla ya saa sita, maana mwongozaji anaweza kuwa anaenda kuswali na maduka hufungwa kwa muda. Mwezi wa Ramadhani kula ndani, usile barabarani.

Akikupitisha kwenye duka la vinyago ambalo hamkulipanga, sema "tutarudi, asante" na uendelee kutembea. Ujira mlipe mwisho, mkononi au kwa simu, na bakshishi uiweke mbali na bei mliyopatana. Ukibaki hadi jioni, TaSUBa, ile taasisi ya sanaa, ina ukumbi wa maonyesho: mwombe mwongozaji apige simu mapema kuuliza kama kuna onyesho siku hiyo, na uulizie pia daladala za kurudi Dar es Salaam huanza kuadimika saa ngapi.