Meno ya Utoto Huoza: Onyo kwa Mzazi Uliye Uingereza

Mwanangu alikuwa na miaka minne tulipompeleka hospitali, akapewa dawa ya usingizi, akang'olewa meno sita kwa mkupuo. Nakuandikia wewe unayesema nilivyokuwa nikisema mimi: "Hayo ni meno ya utoto, yataanguka tu."

Alipokuwa na mwaka na nusu niliona mistari myeupe kama chaki kwenye meno ya mbele ya juu, karibu na ufizi. Nikadhani ni maziwa yameganda. Ile ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya kuoza, na wakati ule floraidi, madini yanayoimarisha meno, ingeweza kuzuia. Nilisubiri rangi ya kahawia, nikasubiri shimo, nikasubiri alie. Tafadhali usisubiri alie! Inua mdomo wake wa juu leo, uangalie. Na magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi au kumi na miwili. Mtoto wa miaka miwili ana safari ndefu nayo.

Kilichomharibu ni chupa ya usiku. Nilikuwa na zamu, nimechoka, nikamwachia maziwa yenye sukari alale nayo. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha kinywa, kwa hiyo utamu ule ulikaa kwenye meno hadi alfajiri. Ya mbele ya chini yalipona kwa kuwa ulimi huyafunika. Narudia: akishapigwa mswaki wa usiku, ni maji matupu. Si juisi, si asali, si uji "kidogo tu".

Mama aliniambia kwa simu nipake karafuu. Shangazi naye, mtoto alipoharisha akiota meno, alisema ni meno ya plastiki, yatolewe. Shangazi yangu, nakuheshimu, lakini meno ya plastiki hayapo. Yale ni meno yenyewe yanayoota, na kuyachimbua kwa kisu au spoku kumezika watoto wengi huko kwetu.

Taratibu ni rahisi. Matibabu ya meno ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, ni bure kwa walio chini ya miaka 18. Mpeleke kabla hajatimiza mwaka. Mpige mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha kupaka tu, na kuanzia miaka mitatu kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue.

Lakini miadi usiikose. Mimi nilikosa miwili kwa sababu ya kazi, bila kupiga simu, nikaja kuulizwa maswali ya mzazi anayemtelekeza mwanawe. Niliumia sana. Hapa daktari wa meno ana wajibu wa kufuatilia mtoto asiyeletwa, na naona ni haki. Kinachonikera ni kwamba jamii hiyohiyo hupanga pipi usawa wa macho ya mtoto, halafu kliniki baada ya kliniki inakwambia haipokei wagonjwa wapya wa NHS, wakati kung'olewa meno ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto wa miaka mitano hadi tisa kulazwa.

Ukiambiwa hawapokei, pigia simu kliniki za mji wa jirani, kisha wa pili. Maumivu yakizidi, piga 111, namba ya simu ya ushauri ya NHS. Uso ukivimba na ana homa, au anashindwa kumeza, nenda hospitali usiku huohuo.