Gari Linalogoma Kuwaka Siku Moja na Kukubali Siku Tatu

Gari lililokufa kabisa lina nafuu, maana fundi akilipima anaukuta ubovu palepale. Linalotesa ni lile linalowaka Jumatatu, Jumanne linagoma, Jumatano linawaka kama vile jana hapakuwa na neno. Ukilipeleka gereji linawaka mbele ya fundi kwa ufunguo mmoja, na pesa ya uchunguzi unalipa vilevile. Wengi wetu tuliohamia ughaibuni tunaendesha magari ya miaka 15 au 20 kwa sababu ndiyo tuliyoyamudu tulipofika, na wengi tunaingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi kwenye nyumba za wazee au maghala ambako basi la mapema halifiki. Gari likigoma alfajiri, siku ya mshahara imekwenda. Ndiyo maana naomba usinunue kipuri chochote kabla hujajua gari linaumwa nini.

Naandika kutoka Minnesota, Marekani, ambako Januari joto hushuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Aliye Toronto au Helsinki ananielewa. Aliye Muscat au Dubai naye asiondoke: joto kali hulichosha betri taratibu kiangazi kizima, na siku moja linakata bila kuaga.

Anza na daftari dogo ndani ya gari. Kila likigoma, andika saa, hali ya hewa, gari lililala muda gani, na sauti uliyosikia ulipozungusha ufunguo. Ukishaandika mara nne au tano utaanza kuiona tabia yake. Kuna ubovu unaokuja na baridi, kuna unaokuja injini ikishachemka, kuna unaokuja na mvua. Fundi akipewa karatasi hiyo anaokoa saa nzima ya kubahatisha, na huku saa ya fundi ni pesa nyingi.

Sauti ndiyo inayokugawia njia. Injini ikizunguka kwa kujivuta, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mahindi, au ukisikia tk-tk-tk ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, shuku betri na waya zake. Ukisikia "tak!" moja tu kisha kimya, na taa zinawaka vizuri, shuku stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Kukiwa kimya kabisa, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P kama ni la otomatiki, au kanyaga klachi hadi mwisho kama ni gari la gia za mkono, kwa sababu swichi ya usalama ya gia au ya klachi huchakaa. Injini ikizunguka kwa nguvu yake ya kawaida lakini haishiki, liache betri. Tatizo liko kwenye mafuta, moto wa plagi au sensa, yaani vipimo vidogo vinavyoipa kompyuta ya gari habari za injini.

Betri ndilo la kwanza kulaumiwa, na mara nyingi linastahili. Kwenye nyuzi sifuri hupoteza kama theluthi ya nguvu zake. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri linabaki na chini ya nusu, na saa hiyohiyo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Nunua mita ya umeme ya bei ndogo. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima kwenye vichwa vya betri: volti 12.6 limejaa, 12.2 limebaki nusu, 12.0 linakaribia kuisha. Kisha mtu apige stata huku unatazama mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 kwa betri lililokuwa limejaa, na hakuna baridi kali, betri limechoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.7 hivi, ikibaki kwenye 12, alternata, mashine inayolichaji betri injini ikizunguka, haichaji na betri jipya litakufa vilevile. Marekani maduka makubwa ya vipuri, kama AutoZone, hupima betri na alternata bure, kwa hiyo hata asiye na mita hana sababu ya kukisia. Ukinunua jipya, tazama namba ya CCA. Hizo ni ampea ambazo betri linaweza kutoa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na isiwe pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Nitakaa kidogo kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotezea pesa. Waya mnene wa betri unaweza kuonekana mzima nje, lakini ndani umeoza na kugeuka unga wa kijani. Umeme mdogo wa taa na redio unapita bila shida. Umeme mkubwa wa stata unakwama. Kuutambua ni rahisi. Weka mita kwenye volti, ncha moja iguse kichwa chenyewe cha betri upande wa hasi, nyingine iguse chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, waya wa athi, yaani ule wa hasi unaokwenda kwenye chuma cha gari, una kizuizi. Upande wa chanya, pima kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata. Ikizidi nusu volti, tafuta pale. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unauosha kwa magadi ya jikoni na maji ya moto, ukianza kufungua waya wa hasi na kuurudisha wa mwisho.

Mwaka juzi binamu yangu, anayekaa Brooklyn Park hapahapa Minnesota, alinipigia saa kumi na moja alfajiri. "Kaka, limegoma tena." Gari lake ni dogo la Kijapani la mwaka 2001. Alikuwa ameshanunua betri jipya na kubadilisha alternata, yote kwa ushauri wa watu wa kanisani. Nilipofika alizungusha ufunguo: tak! Kimya. Akazungusha tena: tak! Mara ya sita likawaka. Nikamwambia alizime, nikaweka mita kwenye betri, akapiga stata. Tak! Mita ilisoma 12.5 kabla, na wakati wa ule mlio ikabaki 12.4. Hapo nikajua. Stata inayozunguka hunywa umeme mwingi, lazima volti zishuke. Kama hazishuki, umeme haukuingia kwenye stata kabisa, ingawa amri ya ufunguo imefika. Waya tulikuwa tumeshazipima, zilikuwa salama.

Tulipoifungua stata tukakuta vipande viwili vya shaba vinavyounganisha umeme, kimoja kimeliwa upande hadi kikabaki chembamba kama ukucha. Kichwa cha shaba kinachokuja kuvigusa kilikuwa kinafika kwa kimoja tu, hakifiki kwa cha pili. Siku kikigeuka kidogo kinagusa, gari linawaka. Stata nyingi za magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 huishia hivyo. Vipande vile vinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Kabla ya kushika boliti yoyote ya stata, ondoa waya wa hasi wa betri. Boliti ile ina umeme wakati wote, na spana ikigusa chuma cha gari inatoa moto mkali.

Sasa gari linalozunguka vizuri bila kushika. Washa ufunguo bila kupiga stata, nyamaza, sikiliza nyuma kwenye tangi. Pampu ya mafuta inaguruma kama sekunde mbili kisha inanyamaza. Usiposikia kitu, angalia fyuzi na rilei yake, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha. Ukisikia, lakini gari linahitaji kupigwa stata muda mrefu baada ya kulala, washa na uzime ufunguo mara tatu bila kupiga stata, ndipo uwashe. Likishika haraka, presha ya mafuta ilikuwa inavuja usiku.

Kifaa kidogo cha kusoma makosa kinachochomekwa kwenye tundu la OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani kinafaa sana hapa. Kila gari dogo lililouzwa Marekani tangu 1996 lina tundu hilo. Usitazame namba za makosa pekee. Tazama vipimo vyenyewe. Gari limelala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini sensa ya joto la maji inasema injini ina nyuzi 30 juu ya sifuri: sensa inadanganya, na kompyuta inatoa mafuta kidogo kuliko injini baridi inavyohitaji. Piga stata huku ukitazama mizunguko ya injini. Injini inazunguka, kifaa kinasoma sifuri? Shuku sensa ya kreki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Hiyo hupenda kukata injini ikiwa ya moto, na baada ya nusu saa kando ya barabara gari linawaka kama halikuwa na kitu. Msimbo wake, ukijitokeza, ni P0335. Taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya yote, maana huenda gari halijautambua ule ulio nao.

Ukilazimika kubusti, yaani kuwasha kwa umeme wa betri la gari jingine: waya mwekundu kwenye chanya ya betri lililokufa, kisha chanya ya lililo zima, nyeusi kwenye hasi ya lililo zima, na ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Betri tupu linaweza kuganda kwa baridi. Likiwa limevimba au limeganda, usilibusti wala usilichaji. Na gari la otomatiki halisukumwi likawaka, hata mkiwa vijana kumi.

Ukifika kwa fundi, mpe daftari lako na vipimo ulivyopata. Kama gari hugoma likiwa baridi tu, omba lilale kwake usiku mmoja, aliwashe mwenyewe asubuhi kabla hajalisogeza. Gari lililotoka kuendeshwa dakika 40 hadi gereji lina injini ya moto na betri lililochajiwa, halina sababu ya kugoma mbele yake. Na mwambie mapema, kabla hajaanza kazi, kwamba kipuri atakachokitoa unakitaka mkononi. Binamu yangu vile vipande vyake vya shaba ameviweka kwenye droo ya gari, pamoja na mita.