Kununua lupango katika lotisema mpya Lubumbashi: uliza kwanza habari ya kanivo na kabini

Kazi yangu ni kupima malupango, yaani viwanja, katika lotisema, maeneo yaliyokatwa viwanja vya kuuzwa. Wengi hunipigia simu wakisha kulipa, na hapo ninabaki mtu wa kupima hasara tu.

Hatua ya 1: Nenda kipindi cha mvua. Picha nyingi nilizoonyeshwa za lotisema za upande wa komine (manispaa) ya Annexe zilipigwa Agosti, udongo mwekundu umekauka na barabara inaonekana pana. Rudi Januari ukiwa na buti. Simama kwenye kona ya chini kabisa uone maji ya walio juu yanapita wapi. Kama hakuna kanivo (mfereji wa maji ya mvua), yatapita kwako.

Hatua ya 2: Fuata karatasi. Fishi (karatasi ya maelezo) ya lupango yenye muhuri wa komine haitoshi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serikali. Kinachokupa haki ni cheti cha usajili anachotia sahihi konservateri, ofisa wa serikali anayesajili hati za ardhi. Omba namba ya cheti cha eneo zima, uende nayo ofisini kwake na kadasta (ofisi ya ramani na vipimo vya ardhi), uulize kama eneo limeshagawanywa rasmi au bado ni kipande kimoja. Ulizia na kadasta ya madini, inayoandika haki za uchimbaji, maana hicho ni kitabu kingine kabisa.

Hatua ya 3: Michango ya pamoja. Hapa ndipo pesa huliwa. Lupango langu la kwanza, mkataba ulisema "mchango wa miundombinu utalipwa na wanunuzi", basi. Nikatia sahihi, mimi mpimaji! Nguzo za umeme zilisimama miezi minane bila waya. Watoto wakazifanya goli. Kisha mwuzaji akarudi kudai nyongeza, kwa sababu tuliokuwa tumenunua tulikuwa wachache.

Kwa hiyo dai orodha ndani ya mkataba: kila kazi (barabara, kanivo, foraji yaani kisima cha kuchimba kwa mashine, kabini ya umeme yaani kibanda cha transfoma), gharama yake yote, na idadi ya malupango yanayoigawana. Halafu uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: malupango ambayo hayajauzwa, fungu lake analipa nani? Tuseme kabini ni dola 24,000 kwa malupango 60: kila mmoja 400. Wakinunua watu 25 tu na mwuzaji akajitoa, ni 960. Iandikwe wazi kwamba fungu hilo ni lake mpaka auze.

Uliza pia nguvu ya transfo (transfoma), na kama SNEL, shirika la umeme la taifa, itaipokea. Isipopokelewa, siku itakapoungua mtachangishana tena. Foraji nayo ina pampu, na pampu inataka mlinzi. Mshahara wake utokane na nini?

Hatua ya 4: Lipa kwa vipande. Kipande cha kabini kitoke transfo ikiwa imefika, si ikiwa "iko njiani Kasumbalesa", kule mpakani na Zambia. Risiti itaje kazi yenyewe, isiseme "mchango" tu.

Hatua ya 5: Mawe ya mpaka. Njoo na mpimaji wako, majirani wawepo, hati ya upimaji itiwe sahihi siku hiyohiyo. Piga picha ya kila jiwe pamoja na mti ulio karibu. Usitumie kichuguu kama alama: kitachimbwa kwa ajili ya matofali kabla hujachimba msingi.