Gari Dogo Likichemsha: Anza na Mfuniko wa Rejeta Kabla ya Kufungua Injini

Gari dogo likianza kuchemsha, gharama ya kulitengeneza hupanda kwa dakika. Asubuhi tatizo linaweza kuwa mfuniko wa rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini), kipuri ambacho hata spana hakihitaji. Dereva akiendelea na safari huku mshale wa joto umelala kwenye nyekundu, jioni tatizo hilohilo limeshakuwa gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na hedi, yaani kichwa chake), na gari halitoki gereji siku hiyo wala kesho yake. Injini nyingi nilizofungua kwa sababu ya joto hazikupaswa kufunguliwa kabisa. Hilo huniuma, kwa sababu kwa mwenye gari dogo fedha ya kufungua injini mara nyingi ni akiba ya miezi.

Kwa hiyo nakupa mpangilio ninaoufuata mwenyewe: kuanzia kinachogharimu kidogo kwenda kinachogharimu sana, bila kuruka. Bei hutofautiana kila mahali, basi nitapima gharama kwa saa za fundi na kwa kulinganisha kipuri na kipuri.

Hatua ya 1: Simama, na usifungue chochote

Ukiona mshale umepita mahali pake pa kawaida, zima AC, kisha washa hita kwenye joto la mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ndani ya gari na itapunguza joto la injini wakati unatafuta pa kuegesha. Mvuke ukitokea kwenye boneti, zima injini hapohapo. Magari mengi madogo ya sasa hayana mshale, yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imezidi joto. Taa nyekundu ikiwaka, ujue mshale ungekuwa umeshafika mwisho. Habari ya "nifike tu nyumbani" haipo tena.

Ipo dalili moja inayowadanganya wengi. Mshale ulikuwa juu, ghafla ukashuka wenyewe, dereva akashukuru na kuendelea. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na kipimo chake hakiaminiki tena. Mshale ukishuka bila wewe kufanya lolote, simama upesi kuliko ulipokuwa juu.

Sasa subiri saa nzima. Mfuniko wa rejeta hushikilia presha ya karibu bar 1, na kwa presha hiyo maji hufika nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Ukiufungua kungali moto, presha inatoka na maji yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja, usoni na mikononi mwako. Gusa mpira wa juu wa rejeta, yaani bomba la mpira linalopitisha maji: ukiweza kuushika bila kuungua, na ukiubonyeza ukawa laini, ndipo funika mfuniko kwa kitambaa na kuufungua taratibu. Usimwagie injini maji baridi kutoka nje wala ndani ikiwa bado moto. Hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka.

Hatua ya 2: Kumbuka lilichemsha katika hali gani

Hatua hii haigharimu kitu, na ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila mteja. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, mshukiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu barabarani upepo hufanya kazi yake. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani huku foleni halina shida, maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka au maji yamepungua. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, fikiria themostati (vali inayofungulia maji njia injini ikipata joto) iliyoganda ikiwa imefungwa, au gasketi ya hedi. Na kama injini ni moto lakini hita inapuliza hewa baridi, maji ni machache au kuna hewa imekwama ndani.

Andika majibu hayo kabla ya kumwona fundi. Yatamwokolea saa nzima ya kutafuta, na saa hiyo huwa ni yako kuilipia.

Hatua ya 3: Kiwango cha maji na mfuniko

Gari likiwa baridi, angalia kwanza chupa ya akiba, kisha fungua rejeta yenyewe. Usiishie kwenye chupa. Chupa inaweza kujaa hadi juu huku rejeta ina upungufu, na hiyo ndiyo alama ya mfuniko mbovu.

Mfuniko una vali mbili. Moja huachia maji kwenda kwenye chupa presha ikizidi. Nyingine, ndogo katikati, huyaruhusu kurudi injini inapopoa. Hii ya pili ikikwama, maji yanatoka kila safari na hayarudi. Mteja mmoja aliniletea gari dogo ambalo, kabla ya kufika kwangu, lilikuwa limefungwa rejeta mpya na pampu mpya, na bado lilikuwa linachemsha. Nililiacha lipoe usiku kucha. Asubuhi mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umebonyea, pande mbili zimegusana. Mfuniko ulikuwa haurudishi maji, na injini inapopoa inayavuta yasije. Aliondoka na mfuniko mpya, na gharama yake haikufika hata ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) aliyomwaga mara mbili wakati wa matengenezo yale ya kwanza.

Kagua raba ya chini ya mfuniko. Ikiwa imepasuka, imekakamaa au imeacha alama ya kina, badilisha. Nunua wenye presha ileile iliyoandikwa juu ya ule wa zamani, kwa mfano bar 0.9 au 1.1. Kuongeza presha kwa matumaini ya kupunguza joto ni kuhamishia tatizo kwenye mipira na rejeta.

Hatua ya 4: Tafuta panapovuja

Kama rejeta haina maji ya kutosha, yamekwenda mahali. Tandika karatasi ngumu chini ya gari usiku. Kwa mwanga wa tochi, tafuta ukoko mkavu mweupe au wenye rangi ya kulanti kwenye viungo vya mipira, kwenye mshono wa rejeta ambapo plastiki imeungana na aluminiamu, na kwenye tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi: sili ya pampu ikichoka, maji hutokea hapo. Usikubali lizibwe kwa gundi. Pekua pia zulia la upande wa abiria wa mbele. Likiwa limelowa na lina harufu tamu, rejeta ya hita inavuja.

Fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia presha atagundua uvujaji mwingi ndani ya robo saa, injini ikiwa baridi. Kipimo hicho ni kidogo kwa gharama na nakisisitiza kabla ya kununua kipuri chochote. Mpira mmoja na vibano vyake ni kazi ya nusu saa. Unga wa kuziba matundu siutumii, kwa sababu haujui tundu ni lipi na mfereji ni upi, na nimeshatoa rejeta za hita zilizozibwa nao kabisa.

Hatua ya 5: Feni

Washa injini, washa AC. Katika magari mengi madogo feni huanza kuzunguka muda mfupi tu baadaye. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni): mara nyingi kwenye boksi lilelile kuna rilei nyingine inayofanana nayo, badilishana nazo ujaribu. Baada ya hapo mpe fundi wa umeme aunganishe mota ya feni moja kwa moja na betri. Ikizunguka, mota ni nzima na kasoro iko kwenye waya au sensa. Isipozunguka, mota imekufa. Weka mikono na nguo mbali muda wote, kwa sababu feni inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Fyuzi na rilei ni vitu vidogo. Mota ya feni ni ghali zaidi, lakini bado ni kazi ya saa moja au mbili.

Hatua ya 6: Themostati

Hiki ni kipuri kidogo kinachodharauliwa kupita kiasi. Hukaa imefungwa ili injini ipate joto haraka, kisha hufunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 88. Namba yake huwa imechapwa kwenye chuma. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto taratibu. Ikifunguka karibu na namba yake na kufunga inapopoa, ni nzima. Isipofunguka hata maji yakichemka, umepata mchawi wako.

Wapo mafundi wanaoitoa na kuliacha gari bila themostati. Nakataa hilo kabisa. Injini isiyofikia joto lake huongezewa mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, oili huchafuka mapema, na bado gari linaweza kuchemsha: kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hupita njia hiyo bila kufika kwenye rejeta. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja kwa magari mengi, na gasketi yake ndogo iwe mpya.

Hatua ya 7: Rejeta na pampu

Rejeta iliyoziba kwa nje kwa vumbi na wadudu husafishwa kwa maji ya mgandamizo mdogo ukitokea upande wa injini. Iliyoziba ndani hujulikana kwa sehemu zinazobaki baridi huku nyingine zikiunguza, na kuibadilisha ni saa mbili hivi za fundi.

Pampu inategemea inaendeshwa na nini. Ikiwa inazungushwa na mkanda wa nje, ni kazi ya wastani. Ikiwa iko nyuma ya mkanda wa taimingi, sehemu kubwa ya malipo ni kuufikia. Kwa hiyo kama mkanda umekaribia muda wake, badilisha vyote kwa pamoja, pamoja na tensha (kifaa kinachoukaza mkanda). Utalipia kufungua mara moja.

Hatua ya 8: Gasketi ya hedi, kwa ushahidi

Usikubali hukumu hii kwa macho tu. Dalili ni hizi: maji yanapungua bila kuvuja popote, viputo vinatoka mfululizo kwenye rejeta, mpira wa juu unakakamaa dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha baada ya injini kupata moto, oili iliyogeuka kama maziwa. Kipo kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: hugeuka njano ikiwa gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Omba ukione kwa macho yako.

Gasketi yenyewe si ghali. Kinacholipiwa ni kazi, ambayo ni siku nzima au zaidi, pamoja na karakana ya kusawazisha hedi, oili, filta, kulanti, na boliti mpya za hedi pale mtengenezaji anaposema zisirudiwe. Mwambie fundi apime hedi kwanza kwa rula ya chuma na geji ya fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kisha ndipo mnunue vipuri. Kwenye injini nyingi ndogo upindaji unaokubalika ni 0.05 mm tu. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili. Na hedi ikiwa imepasuka, linganisha jumla ya gharama na hedi au injini iliyotumika kabla hujaamua.

Hatua ya 9: Kujaza na kutoa hewa

Tumia kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Usiamini rangi, maana kila kampuni huchagua yake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi unatosha kwa wengi. Maji ya bomba peke yake huleta kutu na ukoko. Kulanti ni tamu na ni sumu, ifiche mbali na watoto na wanyama.

Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto, acha mfuniko wazi, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, na jaza polepole. Washa injini, binya mipira mara kwa mara, ongeza kulanti kadiri kiwango kinavyoshuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Funga. Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi, fungua na ujazie pungufu. Rudia siku ya tatu. Kiwango kikiwa kimeshuka tena siku hiyo, rudi hatua ya 4 na karatasi yako ngumu.