Ukitaka kusimulia maisha ya Al Capone, anzia kwenye daftari

Kazi yangu ni simulizi za sauti. Wanaonisikiliza wako nyuma ya usukani, jikoni, au getini kwenye lindo la usiku, na jina wanaloniomba kuliko yote ni Al Capone, bosi wa genge la Chicago enzi za marufuku ya pombe. Kumsimulia si kazi ngumu, ila wengi wanamharibu kwa njia moja ileile: bunduki zinalia nusu saa nzima, kisha mwishoni msimulizi anatupia kwamba jamaa alifungwa kwa kukwepa kodi. Msikilizaji anabaki kinywa wazi. Kodi? Na damu yote ile?

Swali hilo lichukue mapema, uanze nalo. Mimi nafungulia Cicero, mji uliopakana na Chicago, mwaka 1926. Askari wanavamia nyumba ya kamari, wanabeba madaftari ya hesabu, yanaishia kusahaulika kabatini. Miaka inapita mpaka Frank Wilson, mpelelezi wa Wizara ya Fedha, anayafukua na kuanza kuulizia: mwandiko huu ni wa nani? Hapo nyamaza kidogo. Usimtaje mwenye mwandiko, utamhitaji baadaye.

Sasa rudi Brooklyn, New York, 17 Januari 1899, lakini usilale huko. Baba kinyozi, mama mshonaji, wahamiaji kutoka Angri, kusini mwa Naples. Kwa hiyo usimwite Msisilia, maana kuna mjuaji atakayekurekebisha kabla hujamaliza sentensi. Shule aliacha na miaka 14 baada ya kumpiga mwalimu.

Kwenye kovu, tulia. Ni 1917, Capone anahudumu kwenye baa ya Frankie Yale huko Coney Island. Anamtolea binti mmoja maneno ya hovyo. Kaka wa binti huyo, Frank Galluccio, anachomoa kisu na kumchana Capone shavu la kushoto. Miaka ya baadaye Capone alidai ni majeraha ya vita, naye jeshini hakuwahi kukanyaga. Mbele ya kamera alipenda kugeuza shavu la kulia. Kipande hiki kisimulie polepole, kwa sauti ya chini; kinamweleza mtu huyu kuliko maiti kumi.

Kuna tarehe moja ya kuokota: marufuku ya pombe Marekani ilianza kutumika 17 Januari 1920, siku Capone anatimiza miaka 21. Wakati huo Johnny Torrio, mkubwa wake, alikuwa amemvuta Chicago. Hapa eleza biashara yenyewe, wengi wanaipita mbio. Pipa la bia linataka mpishi, dereva, mlinzi, polisi wa kufumba macho na mwanasiasa wa kupokea bahasha. Wote hao wanalipwa, na malipo yanataka karani wa kuyaandika. Ukilieleza hilo vizuri, daftari la Cicero linaanza kunuka lenyewe. Torrio alipigwa risasi Januari 1925, akapona, akaona bora roho yake, akamwachia Capone usukani.

Mauaji ya Siku ya Wapendanao, 14 Februari 1929, yanajiuza, hayahitaji chumvi. Gereji ya 2122 North Clark, watu saba wamepangwa ukutani, baadhi ya wauaji wamevaa sare za polisi. Capone alikuwa Florida. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, kwa hiyo sema “anatajwa kuwa nyuma yake”, usiseme “aliwaua”. Eliot Ness, ofisa wa serikali aliyesimamia marufuku ya pombe, mpe sentensi mbili: alivunja viwanda vya pombe, akatia hasara. Kesi iliyomfunga Capone iliandaliwa na wapelelezi wa kodi.

Kabla ya mahakama, weka hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1927, kesi ya Sullivan, muuza pombe ya magendo. Alijitetea kwamba kutangaza mapato haramu ni kujichongea. Majaji wakakataa: hata fedha ya haramu inatozwa kodi. Bila hukumu hii, msikilizaji wako hataelewa kilichofuata.

Sasa mtoe karani. Mwandiko ulikuwa wa Leslie Shumway. Wilson alimpata Florida, akamleta kutoa ushahidi. Oktoba 1931 jaji Wilkerson alibadilisha kundi zima la wazee wa baraza dakika za mwisho, kwa kuwa la awali lilishafikiwa na watu wa Capone kwa hongo. Kisha wakapanda wauza duka kueleza suti alizonunua na chupi za hariri. Usiruke chupi. Mtu asiyetangaza mapato anayevaa hariri mpaka ndani ndiyo kesi yenyewe kwa ufupi. Alipata miaka 11 na faini ya dola 50,000.

Yaliyobaki pitisha haraka: jela ya Atlanta, kisha ya Alcatraz mwaka 1934, mfungwa namba 85, kaswende ikimla ubongo. Aliachiwa Novemba 1939, akafa nyumbani kwake Florida 25 Januari 1947, akiwa na miaka 48.

Ikikuzidia nusu saa, igawe. Kata pale Wilson anapouliza mwandiko kwa mara ya pili, baada ya hukumu ya Sullivan, na sehemu inayofuata ianze na Shumway akifunguliwa mlango.