Kuchagua Saa ya Mazoezi kwa Anayekimbia na Kuogelea

Mtu anayekimbia mara chache kwa wiki na kuogelea siku za mapumziko hahitaji saa ya bei ya juu kabisa, lakini anahitaji saa inayomudu maji, na hapo ndipo uchaguzi wake uanzie. Saa nyingi za mazoezi humtosha mkimbiaji wa kawaida. Zinazohesabu vizuri mizunguko ya bwawani ni chache, na zinazofaa baharini ni chache zaidi.

Angalia kwanza alama ya kuhimili maji iliyoandikwa kwenye boksi au nyuma ya saa. Kwa muogeleaji, usikubali chini ya 5 ATM, yaani shinikizo mara tano ya lile la hewa ya kawaida. Alama hiyo haina maana kwamba unaweza kupiga mbizi hadi mita 50, bali kwamba saa imepimwa kwa shinikizo linalolingana na kina hicho katika maji yaliyotulia. Muuzaji akikusifia IP68 peke yake, alama nyingine ya kuzuia vumbi na maji, mshukuru na uendelee kutafuta, kwa sababu kipimo hicho kinahusu kuzamishwa katika maji matulivu yasiyo na chumvi, wala hakithibitishi kwamba saa itastahimili mkono unaopiga maji kwa nguvu.

Jambo la pili ni GPS, mfumo unaotumia setilaiti kujua ulipo na njia unayopita. Bangili nyingi za mazoezi za bei nafuu hazina GPS ndani yake, bali huazima ya simu. Mkimbiaji anaweza kutembea na simu mfukoni, ila muogeleaji hawezi. Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kutoka nje ya duka, zima Bluetooth ya simu, anzisha zoezi la kukimbia na utembee dakika chache, kisha unganisha tena simu na utazame kama njia uliyopita imechorwa kwenye ramani. Usiridhike na kuona umbali tu, kwa maana saa isiyo na GPS hukadiria umbali kwa kuhesabu hatua.

Bwawani GPS haina kazi: wewe huingiza urefu wa bwawa, na saa hutambua kila unapogeuka kwa kufuata mwendo wa mkono. Mabwawa mengi ya hoteli hayana mita 25 wala 50 kamili, kwa hiyo hakikisha saa inakubali urefu utakaouandika mwenyewe. Baharini mambo hubadilika. Mawimbi ya GPS hayapenyi majini, na saa huyanasa pale tu mkono unapotoka juu ya maji; ndiyo maana anayeogelea mtindo wa chura, ambaye mikono yake hubaki chini, hupata ramani iliyopindapinda. Baadhi ya waogeleaji huiweka saa chini ya kofia ya kuogelea, kisogoni, na njia huchorwa vizuri zaidi. Kama unaogelea Coco Beach au Nyali, soma orodha ya mazoezi kwa makini: Garmin Forerunner 55, kwa mfano, ina zoezi la bwawani tu, ilhali Forerunner 165 iliyotoka 2024 ina la bwawani na la maji ya wazi, yaani baharini au ziwani.

Mapigo ya moyo yanayopimwa kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono huwa hayategemeki majini, kwa kuwa maji huingia kati ya ngozi na saa. Anayeyahitaji kwa uhakika atafute mkanda wa kifuani unaohifadhi takwimu na kuzituma baada ya kutoka majini. Wengine hawana sababu ya kugharamia hilo.

Mimi hupendelea saa yenye vitufe, kwani skrini ya kugusa huchanganyikiwa na matone ya maji na vidole vyenye jasho. Jaribu pia kuisoma juani, si chini ya taa za duka. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uikaushe kabla ya kuichaji, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye pini za kuchajia huzifanya zipate kutu.