Somo: Njiti kifuani, angalia shingo

Tukimbeba njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani ngozi kwa ngozi, joto la kifua tunalisema sana, pumzi tunaisahau. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 za ujauzito, ubongo wake bado haujakomaa kuongoza kupumua, kwa hiyo huweza kuacha kabisa kwa muda. Akifikisha sekunde 20, ni hatari. Hata kabla ya hapo, akibadilika rangi au moyo ukipungua kasi, ni hatari vilevile.

1. Nawa mikono, fungua kifua. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi.

2. Mweke wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura.

3. Sasa shingo, na hapa usiharakishe. Geuza kichwa upande mmoja, kidevu kiinuke kidogo. Koo la njiti ni laini: kidevu kikilalia kifua, hewa inaziba, kichwa kikirudi nyuma mno, inabanwa pia. Pua na mdomo uvione muda wote.

4. Funga kitambaa, ukingo wa juu uishie chini ya sikio. Kaza kifuani, tumbo liachie nafasi, maana hupumua kwa tumbo.

5. Mkishatulia, msipungue saa moja. Kumtoatoa kunamchosha. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

MASWALI YA WANACHAMA

Wangu anapumua mbiombio, anatulia, anaanza tena. Niite nesi kila mara?
Hesabu. Kituo cha pumzi cha sekunde 5 hadi 10, rangi ikiwa nzuri, ni kawaida ya njiti. Kikizidi, msugue mgongo au nyayo. Akififia au kuwa bluu, ita huku unasugua, usisubiri kuhesabu.

Ana mirija ya oksijeni puani. Nimbebe?
Mara nyingi inawezekana, nesi akikupangia mirija. Anayepumuliwa na mashine, hilo ni la daktari.

Kwa kuwa namkumbatia, kafeini, dawa yake ya kuchochea kupumua, iachwe?
Hapana, mama. Kumbatio halichukui nafasi ya dawa.

Usiku nalalaje?
Egemea mito, mgongo uinuke. Usilale chali bapa. Ukichoka, baba ampokee. Kifua chake kinafaa.

Tukisharuhusiwa, nirudi lini?
Papo hapo ukiona pumzi zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia, anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinabonyea ndani, au amekataa kunyonya. Njiani aendelee kukaa kifuani.